Mizunguko Minane

Wenzangu wanaoandika katika kurasa hizi wengi huanza na mwezi, au na msichana aliyeteremka kwenye basi. Mimi mniwie radhi, naanza na nati. Nati ya gurudumu la gari, ya Toyota, ile inayofunguliwa kwa spana namba ishirini na moja. Ninayo sababu, na sababu yenyewe ina aibu ndani yake. Ndiyo maana imenichukua karibu mwaka mzima kuiandika.

Kwanza nijitambulishe. Nilimaliza kidato cha nne hapa Musoma, matokeo yakatoka, nikapata daraja ambalo mtu halitaji mbele ya wageni. Baba aliniambia nikae nyumbani nifikiri. Nilifikiri miezi mitatu, halafu nikaenda kuomba kazi ya saidia fundi kwenye gereji moja upande wa Nyasho. Gereji ni jina la heshima tu: ni mwarobaini mkubwa, mabati matano na kontena la kufungia vifaa. Mchana nafungua na kufunga. Usiku naandika riwaya kwenye kaunta buku, kwa kalamu ya bluu, nikipata kosa napiga mstari mwekundu. Siku habari hii inaanza nilikuwa ukurasa wa mia na arobaini. Nilijiona mtu.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi ya Januari, zimebaki siku tisa shule kufunguliwa. Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, aliingia na Probox yake kutoka Bunda. Nyuma kapakia rimu nne za spoti, zinang'aa, na mfuko wa plastiki wenye spesa nne. Kanunua vyote Mwanza.

Ndugu msomaji, kama hujui spesa ni nini, nikueleze. Ni kipande cha aluminiamu cha mviringo, kimetobolewa matundu kama ya rimu. Kinakaa kati ya habu na rimu, kinalisukuma gurudumu nje. Wapo wanaoweka kwa urembo, gari lisimame limetanua miguu kama mcheza mieleka. Wapo wanaoweka kwa sababu rimu waliyonunua ni pana na inakwaruza shokapu kwa ndani. Kaka alikuwa na sababu zote mbili, ila aliisema ya pili tu.

"Fundi wako yuko wapi?"

"Kaenda Tarime kutafuta giaboksi."

"Aa, mura, mimi nina haraka. Naenda Butiama kumchukua mama, alikuwa kwenye msiba wa wifi yake. Leo leo nimrudishe Bunda, ana sare za watu hazijashonwa. Wewe huwezi kufunga?"

Hapo ndipo pa kukumbuka. Hakunilazimisha mtu. Ningesema, "Kaka, funga rimu zako za zamani, hizi tumsubiri Fundi." Angenung'unika kidogo, angeondoka salama. Lakini mimi ni mdogo wake, yeye ana gari, mimi nina kaunta buku. Nikasema, "Naweza, kitu gani bwana."

Nikainua gari. Nikatoa rimu za chuma, nikachomeka spesa kwenye bolti za habu, nikapachika rimu mpya, nikaanza kuzungusha nati kwa vidole. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, ikagota. Nikashangaa kidogo. Kwa kawaida nati inakwenda, inakwenda, mpaka unachoka vidole. Hii iligota mapema. Nikaangalia ile rimu inavyong'aa, nikamwangalia kaka anavyotazama saa. Nikachukua wili spana, nikapachika paipu kwenye mpini, nikaikandamiza kwa mguu mpaka ikalia kwii. Nikajiambia iliyokazwa hivi haitoki. Nikafanya hivyo magurudumu yote manne. Nilipokea shilingi elfu kumi. Nikamtazama anavyopinda barabarani, gari limetanua miguu, na kusema kweli lilipendeza.

Mkono wangu ulikuwa unajua, ila kichwa kilikataa kuuliza mkono.

Kaka alifika Butiama salama, akampakia mama mkubwa, wakaanza kurudi kuelekea Makutano. Njiani usukani ukaanza kutetema. Akadhani ni barabara. Mbele yao lilikuwa linavuka kundi la ng'ombe, akapunguza mwendo, na wale ng'ombe ndio waliookoa roho za watu. Gari likiwa karibu linasimama, gurudumu la mbele kushoto likachomoka, likatangulia mbele peke yake, likaingia kwenye majani. Gari likaangukia diski ya breki. Mama mkubwa, aliyekaa mbele upande huohuo, alijikinga kwa mkono kwenye dashibodi. Mkono wa kushoto ukavunjika kwenye kifundo.

Mama mkubwa ni fundi cherehani. Januari ndiyo mwezi wake. Sare za shule anazoshona wiki hizo mbili ndizo zinazolipa madeni ya mwaka.

Jumatatu tulikwenda na Fundi kulivuta gari. Kaka alikuwepo, amevimba kwa hasira. "Wale watu wa Mwanza wameniuzia chuma feki! Nitawashughulikia!" Mimi nikaitikia, "Kweli kaka, siku hizi feki zimezidi." Neno hilo nililisema kwa mdomo wangu huu.

Fundi hakusema kitu. Alichuchumaa mbele ya ile habu. Bolti mbili zilikuwa zimekatika, mbili zimebaki. Akazipitishia kidole gumba taratibu, toka shinani mpaka nchani, kama mtu anayepima kisu. Kisha akanyanyua macho akanitazama mimi, akaendelea na kazi. Mpaka tunarudi Musoma hakunisemesha.

Jioni, wenzangu walipoondoka, akaniita na kuniwekea moja ya zile bolti mkononi. "Pitisha kidole. Unasikia nini?"

"Meno yameliwa."

"Wapi?"

"Hapa mwisho tu."

"Na huku chini?"

"Mazima."

"Kwa nini ni mazima?"

Nikanyamaza.

"Kwa sababu nati haikufika huko. Spesa imekula urefu wa bolti, rimu imekula uliobaki, nati ikashika ncha tu. Ulihesabu?"

"Kuhesabu nini, Fundi?"

"Mizunguko."

Akavuta tairi kuukuu, akakaa, akanifundisha. Ninaandika alichonifundisha kwa sababu wapo vijana wengi mjini wanaoweka vitu hivi, na wengi wao wanafungiwa na watu kama mimi.

Bolti ya gurudumu ya magari mengi madogo ya Toyota ina unene wa milimita kumi na mbili. Kila nati ikizunguka mara moja inasogea milimita moja na nusu. Kanuni ni kwamba nati iume bolti kwa urefu usiopungua unene wa bolti yenyewe. Gawanya mwenyewe: kumi na mbili kwa moja na nusu, ni nane. Mizunguko minane kwa uchache, kuanzia meno yanaposhikana mpaka inapogota kwenye rimu. Mimi nilipata minne. Milimita sita. Kukanyaga paipu hakuongezi hata mzunguko mmoja, kunanyonga tu yale meno machache yaliyokamata.

Spesa ziko za aina mbili. Ya kwanza ni sahani tupu, inayochomekwa kwenye bolti zilezile za gari. Hiyo ikiwa nene, kama zile za kaka za milimita kumi na tano, bolti za kiwandani hazitoshi. Lazima ung'oe bolti uweke ndefu zaidi, au uache kabisa. Aina ya pili ina bolti zake. Yenyewe inafungwa kwenye habu kwa nati zake, halafu rimu inafungwa kwenye spesa. Hiyo huwa nene zaidi, na bolti za habu zisitokeze nje ya uso wake, la sivyo rimu haitalala sawa.

Halafu kuna kitovu. Katikati ya habu pametokeza duara, na rimu ya kiwandani inavaa pale barabara. Kwenye Probox na IST duara hilo lina milimita hamsini na nne na pointi moja. Sahani ya spesa inalifunika duara hilo, kisha rimu haina pa kukaa, inaning'inia kwenye nati peke yake. Gari linaanza kutetema. Spesa nzuri ina tundu linalovaa kitovu cha habu, na kwa mbele ina kitovu chake cha kuivalisha rimu.

Na kabla ya yote, Fundi alisema, tazama nyuma ya rimu. Kuna herufi ET na namba. Namba hiyo ndiyo inayosema rimu itakaa ndani kiasi gani. Ikiwa ET 45 ukaweka spesa ya milimita kumi na tano, ni sawa na kuwa na ET 30. "Kaka yako angetafuta rimu yenye namba inayofaa tangu mwanzo, asingehitaji kipande cha katikati. Spesa ni dawa ya mtu aliyekwisha kununua vibaya." Tena kadiri unavyosukuma gurudumu nje ndivyo beringi inavyobeba mzigo usio wake.

Kama ni lazima ufunge, funga hivi. Gari liwe sehemu tambarare, weka jiwe nyuma ya tairi, legeza nati kidogo kabla hujainua. Ukishainua weka stendi, usiamini jeki. Piga brashi ya waya usoni pa habu mpaka kutu iishe, maana chembe ya kutu leo ni nati iliyolegea kesho. Weka spesa, ijaribu kwa mkono: ikitikisika kama sahani kwenye meza mbovu, kuna kitu kimezuia. Usipake grisi kwenye meno, itakudanganya wakati wa kukaza. Nati ziwe na umbo linalolingana na tundu la rimu, maana yenye koni na yenye washa bapa hazibadilishani. Anza kwa vidole, hesabu. Kaza kwa kuvukisha, ya juu kisha ya chini, ya kushoto kisha ya kulia, kidogo kidogo. Shusha gari, ndipo umalizie.

Nguvu ya kumalizia nayo ina kipimo. Kwa magari hayo ni kama nyutoni mita mia moja na tatu. Fundi anayo spana ya kupimia, inalia "ta" nguvu ikifika, huifunga kwenye kitambaa kama kitu cha kanisani. Akanieleza kwa lugha nyepesi: chukua mpini wenye urefu wa mita moja, ning'iniza mwishoni kilo kumi na nusu, basi. Mpini wa nusu mita, kilo ishirini na moja. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya paipu kwa uzito wangu wote.

Ukimaliza, pakia watu, kata usukani wote kushoto, wote kulia, sikiliza kama tairi linagusa madigadi. Kisha baada ya kilomita hamsini mpaka mia, kaza tena. Na hapa wengi wanapotea: spesa yenye bolti zake ina nati za ndani. Hizo ni mpaka utoe gurudumu ndipo uzifikie. Ukikaza za nje tu, umekaza nusu.

Alipomaliza nilidhani tumemaliza. Akasema, "Kosa la gereji ni langu. Bolti nitanunua, gari nitatengeneza bure. Lakini mama yako mkubwa utamwambia wewe. Nakupa mpaka Jumapili. Usiposema, nasema mimi."

Sasa sikilizeni nilichofanya wiki ile, enyi waandishi wenzangu. Sikwenda Bunda. Niliandika. Usiku wa Jumanne na wa Jumatano nilimaliza sura nzima ya riwaya. Shujaa wangu ana adui, tajiri mmoja wa samaki. Nikamfanya tajiri atume mtu usiku akalegeze nati za gari la shujaa. Gurudumu likachomoka, ng'ombe wakavuka, mama mzee akavunjika mkono. Niliandika bila kufuta mstari hata mmoja. Nikajiona nimeiva.

Ijumaa jioni niliwasomea washikaji wawili tunaosomeana kazi, tumekaa ufukweni Mwisenge. Mmoja akasema kali sana. Mwingine akakuna kichwa. "Pale gari linapochomoka tairi, naliona kabisa. Ila huyu aliyelegeza simwoni. Kaingiaje uani? Kashikaje spana? Umetuambia kalegeza, basi."

Nikajitetea kwamba ni usiku, kuna giza. Lakini nikijua jawabu. Nisingeweza kumwona kwa kuwa hakuwapo. Mkono pekee niliouona kwenye nati zile ulikuwa wangu. Nao ulikuwa unakaza.

Usiku uleule kaka alinipigia simu. Alhamisi alikuwa amekwenda Mwanza kugombana na yule muuza spesa, wakashikana mashati, nusura wapelekane polisi. "Nimemwambia atanilipa mkono wa mama," akasema. Nikakosa usingizi.

Jumamosi alfajiri nilipanda basi stendi ya Bweri. Nilipofika Bunda nilimkuta mama mkubwa barazani, mkono umefungwa plasta, cherehani mbele yake, binti wa jirani anakanyaga pedali huku yeye akielekeza kwa mkono mzima. Nilimwamkia. Akaitikia vizuri, akaniulizia baba. Nikaona nikikaa, nitakula, nitaaga, nitaondoka. Nikasema nikiwa nimesimama.

"Mama, zile nati nilifunga mimi. Spesa hazikuwa feki. Nati hazikushika sawasawa."

Binti akaacha pedali.

"Ulijua?"

Swali hilo nilikuwa nimeliandalia majibu basi zima. Kwamba sikufundishwa. Kwamba kaka alikuwa na haraka. Kwamba Fundi hakuwepo. Yote ni kweli, na hakuna hata moja lililokuwa jibu la swali.

"Nilihisi, Mama. Sikutaka kuuliza."

Alinyamaza muda mrefu. Hakulia wala hakunitukana, na laiti angenitukana. Akasema, "Nimerudisha vitambaa vya watoto tisa. Wazazi wao nimewaambia waende kwa wengine. Waliobaki ni kumi na wanne, na Jumatatu wanaingia darasani." Akanisukumia mkebe wa vifungo. "Kaa hapo."

Nilikaa mpaka Jumapili saa kumi jioni. Nilishona vifungo na mapindo ya sketi. Vifungo vyangu vya mwanzo alivikata kwa meno akaniambia rudia. "Kifungo hakikazwi kwa hasira," alisema, "hesabu nyuzi." Hakujua Fundi alikuwa ameniambia nini, au pengine mafundi wote husema hivyo.

Kaka alirudi jioni ya Jumamosi, mama yake akamweleza mbele yangu. Alitoka nje, akakaa kwenye gogo. Hakunisemesha kwa miezi minne. Alikwenda Mwanza akamwomba radhi yule muuzaji, na nauli ya safari hiyo nililipa mimi, pamoja na ile elfu kumi. Mkono wa mama mkubwa umepona lakini haukunji wote. Kukata kitambaa kinene anamwita mtu. Hilo sina la kulifanya, nalitaja tu kwa kuwa lipo.

Niliporudi niliichana ile sura. Iliniuma, ndiyo sura niliyoipenda kuliko zote. Nikakumbuka tulipokuwa kidato cha pili tulivyopelekwa Butiama kwenye Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, na mwalimu wetu wa Kiswahili akatueleza jambo ambalo wakati ule halikuniingia. Mwalimu alitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare, ikachapwa mwaka 1963, huku akiwa rais. Wananchi waliisoma wakaisifu. Lakini yeye aliirudia, akaisahihisha, na mwaka 1969 ikatoka upya kwa jina Juliasi Kaizari. Mkuu wa nchi, kazi imeshachapwa, nani angemuuliza? Mimi kazi yangu iko kwenye kaunta buku, haijasomwa na watu watatu, na nilikuwa naona uchungu kuifungua.

Sura mpya niliiandika kwa miezi. Tajiri wa samaki hayumo tena. Yumo kijana wa gereji anayesikia nati imegota, na anajua, na anachukua paipu. Yule mshikaji aliyekuna kichwa aliisoma akanirudishia bila kusema kali wala si kali. Akaniuliza tu, "Huyu kijana baadaye alisema?" Nikamwambia sura inayofuata.

Kaka sasa tunaongea. Probox imerudi kwenye rimu zake za chuma. Mwezi uliopita aliileta kubadilisha pedi za breki, Fundi akanipa mimi nifunge magurudumu. Kaka alisimama nyuma yangu, kimya. Nikaweka nati kwa vidole, nikahesabu kwa sauti ili asikie. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Hapo nikasita kidogo, na najua naye alisita. Nati ikaendelea. Tano. Sita. Saba. Nane. Ikapita nane, ikaendelea kwenda.